Mdomo wa Shaba

Jumatatu, 5 Machi 1956

Leo nimepewa kazi ya kuandika vibao vya nyumba ya makumbusho ya zimamoto, na niliikubali kabla karani hajamaliza kusema. Niliporudi nyumbani Makorora mke wangu Mboni akaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia nimepata kazi. Akasema, "Kazi umepata mara nyingi, Uweso. Sura hiyo sijaiona."

Daftari hili naliandika kwa sababu sitaki kusahau lolote nitakaloliona humo.

Zimamoto wamehamia kituo kipya chenye magari mawili mekundu. Kituo cha zamani, lile jengo la mawe lililojengwa na Mjerumani nyuma ya soko, wakubwa wa mji wanataka kiwekewe vitu vya zamani watu waje kutazama: pampu ya kusukumwa kwa mikono, ndoo za turubai, kengele, kofia za shaba. Mimi nitaandika kila kitu ni nini na kilitumika lini. Mwishoni nitaandika kibao kikubwa cha ukutani kinachoeleza moto mkubwa wa ghala la mkonge.

Moto ule ninaujua. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kaka yangu Shehe alikuwa askari wa zimamoto, ana miaka ishirini na miwili, na alifia ndani ya ghala lile. Saajini wake alisema Shehe aliwekwa kulinda koki ya maji, akaogopa, akaifunga, akatoroka, na katika kukimbia akapotea njia akaingia motoni. Makuli wawili waliokuwa ndani wakateketea kwa kukosa maji ya kuuzima. Tulimzika Shehe kwetu Tongoni na watu saba tu. Mama aliishi miaka mitano baadaye, akiitwa mama mtoro kisimani na sokoni, mpaka akaacha kwenda kisimani na sokoni.

Yule saajini anaitwa Mwinyijuma. Ndiye mshauri wa makumbusho.

Alhamisi, 8 Machi

Nimekutana naye. Ni mzee sasa, mrefu, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri. Macho yake yana mtoto wa jicho; anakuona kama kivuli, maandishi hayaoni kabisa. Nilimwamkia, "Shikamoo, Saajini," kama mtu nisiyemjua.

"Marahaba, fundi. Mwenyeji wa wapi?"

"Tongoni."

"Aaa, Tongoni. Nilikuwa na kijana mmoja wa huko." Akatikisa kichwa. "Mtoro. Usiudhike, kila mji una wake."

Nikasema sikuudhika.

Jumatatu, 12 Machi

Mvua imeanza. Rangi haikauki.

Jumanne, 20 Machi

Anayeandika orodha ya vitu ni Mwalimu Ruthi, Mbondei wa Muheza, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mkali wa tahajia. Kila kitu anakipa namba, anakipima kwa utepe, anakiandika katika daftari kubwa. Leo Saajini alimfundisha kukunja mpira wa maji ili usivunjike mikunjo. Alipiga magoti sakafuni na macho yale mabovu, akaukunja kwa vidole tu, huku akieleza jinsi zamani walivyokuwa wakikimbia na pampu kutoka hapa hadi bandarini, na jinsi askari mmoja mnene alivyojikwaa pampu ikampita akabaki anaifukuza. Mwalimu Ruthi alicheka hadi akavua miwani.

Nami nilicheka. Niliisikia sauti yangu ikicheka, nikatoka nje nikasimama mvuani.

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya kila siku.

Jumanne, 27 Machi

Maneno ya kibao kikubwa yameletwa, yamepigwa taipu na kutiwa muhuri. Nayanakili hapa kama yalivyo: "Usiku wa tarehe 9 Agosti 1941, ijapokuwa askari mmoja aliacha koki na kutoroka, Saajini Mwinyijuma aliongoza wenzake kwa ushujaa mkubwa hata mji ukasalimika."

Jina la Shehe halimo. Amebaki "askari mmoja".

Karani aliniambia herufi ziwe kubwa, nyekundu na nyeusi, na rangi iwe ile isiyochujuka miaka hamsini. Miaka hamsini! Watoto wangu watazeeka na kibao kile kingali kinasema.

Jumatano, 28 Machi

Sikwenda kazini. Nilimwambia Mboni tumbo linauma.

Jumanne, 3 Aprili

Leo sina budi kuandika polepole.

Tulifungua sanduku la bati lililotoka stoo ya kituo. Ndani mlikuwa na funguo, filimbi, mkanda uliooza, na chini kabisa kitu kimefungwa gunia. Mwalimu Ruthi alikifungua. Kilikuwa mdomo wa shaba, ule unaofungwa mwisho wa mpira ili maji yatoke kwa nguvu. Upande mmoja ulikuwa mzima. Upande wa pili ulikuwa umeyeyuka, ukatiririka, ukaganda kama nta ya mshumaa. Ulikuwa na kipande cha bati chenye namba.

Mwalimu akachukua daftari la zamani la stoo, la 1941, ambalo tangu mwezi uliopita lilikuwa mezani na hakuna aliyelifungua. Akatafuta namba ile kwa kidole, akasoma kwa sauti kama anavyosoma kila kitu:

"Mdomo wa shaba wa mpira wa pili. Umeharibika kwa moto. Ulitolewa ndani ya ghala, mkononi mwa maiti ya askari S. Hatibu."

Akarudia kusoma kimoyomoyo. Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa peke yangu pale:

"Fundi, koki iko wapi? Ndani ya ghala au nje?"

"Nje. Barabarani. Hatua chache kutoka langoni."

"Na huyu aliyeacha koki akatoroka ndiye huyu S. Hatibu?"

"Ndiye."

"Sasa mtu anayelinda koki barabarani anakutwaje ndani, ameshika mdomo wa mpira? Anayetoroka moto anakimbilia motoni, na amebeba mzigo wa shaba?"

Nilitoka nikaegemea ukuta, mvua inanipiga mgongoni. Aliponifuata na kitambaa nikamwambia yote: S. Hatibu ni Shehe, Shehe ni kaka yangu, tumenyonya titi moja. Alisimama akiloa nami.

"Mwandishi wa stoo aliandika alichokiona," alisema. "Hakujua kama anaandika ushahidi."

Mwandishi huyo alikufa zamani. Miaka kumi na mitano maneno yale yalilala ndani ya daftari, hatua ishirini kutoka meza ya Saajini, na mama yangu akafa.

Nimeushika ule mdomo. Ni mzito kuliko nilivyodhani. Pale palipo pazima pana alama za vidole vilivyozoea.

Alhamisi, 12 Aprili

Mwezi umeandama jana. Tumefunga. Mboni anasema Ramadhani hii nisafishe moyo. Nikamwambia ndiyo kazi ninayoifanya.

Jumamosi, 14 Aprili

Niliuliza huku na huku ni nani alikuwa karibu na ghala usiku ule na bado yu hai. Wote walinitajia mtu mmoja: Bi Kazija, Mpemba, aliyekuwa akiwauzia makuli vitumbua langoni. Kumbe anakaa Makorora hii hii, mitaa minne kutoka kwangu. Nimempita barabarani mara mia.

Nilimkuta anachagua mchele barazani. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia mimi ni nani. Hakusimamisha mikono.

"Nduguye yule kijana wa mpira," akasema.

"Wa mpira? Si wa koki?"

"Koki ya nani? Wa koki alikuwa saajini. N'limwona kwa macho yangu haya. Ile koki ilikuwa karibu na jiko langu, kama hapa na pale mlangoni. Nduguyo alivuta mpira akaingia ndani, kwa kuwa makuli wawili walikuwa wakipiga kelele. Mara paa likalia, kishindo kikubwa, cheche zikaruka mpaka kwenye mafuta yangu. Saajini akaruka. Akaifunga koki, mbio! Mpira ule ukalala chini kama nyoka aliyekufa. Mie nikaenda kuifungua."

"Wewe?"

Akaweka ungo chini, akanionesha kiganja cha kulia. Kina kovu refu linalokatiza mistari yote. "Chuma kilikuwa moto. Haikufunguka. Sikuwa na nguvu nayo."

Kisha nikauliza swali ambalo sikutaka kuliuliza: kwa nini hakusema?

"Kwa nani, mwanangu? Walikuja wakubwa na karatasi, wakawauliza askari, wakawauliza makarani, wakamwuliza mwenye ghala. Mie muuza vitumbua, Mpemba, mwanamke. Sikuulizwa na mtu. N'likwenda mwenyewe siku ya pili, yule saajini akanikuta mlangoni, akaniambia nikifungua mdomo nitarudishwa Pemba na jiko langu. N'likuwa na watoto wanne." Akachukua ungo tena. "Weye ndiwe wa kwanza kuniuliza."

Kwa hiyo Saajini alijua. Hakukosea gizani, hakuchanganyikiwa. Siku ya pili asubuhi, akili zake zimetulia, alisimama mlangoni akamzuia shahidi.

Alhamisi, 19 Aprili

Kiu, mvua, hasira.

Jumanne, 24 Aprili

Naandika kabla ya kufuturu.

Mchana mvua ilikuwa kubwa hata soko likafungwa. Mwalimu Ruthi hakuja. Tulikuwa wawili, mimi na Saajini, naye kwa uchovu wa saumu akalala kitini kati ya ndoo za turubai. Mdomo wazi. Nilikuwa namalizia kibao cha kengele. Nilitazama chumba: mipira mikavu, makamba, meza za mbao, matambara yangu yameloa tapentaini, kopo limejaa. Mlango mmoja. Nilijikuta nimeshika kiberiti. Sikumbuki nilipokitoa mfukoni.

Niliwaza: asikie nilichokisikia kwa miaka kumi na mitano. Aamke, atafute maji, asipate.

Sitajificha humu. Nilitoa kijiti. Nilikiweka ubavuni mwa kiberiti.

Kilichonizuia si Ramadhani wala huruma. Ule mdomo wa shaba ulikuwa mezani, umefungwa namba mpya ya Mwalimu Ruthi, na daftari la stoo lilikuwa pembeni yake. Moto ungevila vyote viwili. Ningemchoma Shehe mara ya pili, na kitu pekee kinachosema hakutoroka ningekigeuza majivu mimi mwenyewe, na Mwinyijuma angezikwa shujaa aliyekufa kituoni kwake.

Nikarudisha kijiti. Wakati huohuo mzee akainua pua, macho yamefumba.

"Fundi. Nasikia tapentaini. Funika kopo, mwanangu, na hayo matambara yatoe nje. Humu vitu vikavu."

Nikafunika kopo. Nikatoa matambara nje. Nilipokuwa nayatupa ndipo nikajua nitakachofanya. Yeye haoni maandishi, na mwandishi ni mimi.

Jumamosi, 5 Mei

Nimekuwa nikichora kibao kikubwa nyumbani, nyuma ya pazia. Leo nilimwita Mwalimu Ruthi aje akione. Nilitegemea atakataa. Alisoma mara mbili, kidole chake kikifuata mstari bila kugusa rangi.

"Maneno haya siyo yaliyopigwa muhuri."

"Siyo."

"Utanyimwa kazi mji mzima."

"Najua."

Akavaa miwani vizuri. "Mimi nimeajiriwa kuandika vitu vilivyomo ndani ya nyumba. Mdomo wa shaba umo. Daftari limo. Siwezi kuandika kinyume chake." Kisha akaashiria mstari wa pili. "Hapa umeandika 'aliwaendea makuli wawili'. Nani alikwambia?"

"Bi Kazija."

"Basi jina lake liandikwe. Shahidi ana jina."

Jumamosi, 12 Mei

Idi. Saajini alituma sinia la halua nyumbani, kwa "fundi wangu hodari". Nilimwagia kuku. Mboni alisimama mlangoni akitazama.

"Ilikuwa chakula, Uweso."

Nikamweleza kila kitu, hata kiberiti. Alilia kwa ajili ya mama, ambaye alimpenda. Halafu akafuta macho, akasema: "Mfanyie unalotaka. Lakini kuku wangu usiwatie humo."

Jumanne, 22 Mei

Saajini aliniomba nimsomee kibao kabla ya sherehe. Nikamwambia rangi bado mbichi, haifai kufunuliwa. Akacheka, akaniwekea mkono begani. "Basi nitakisikia pamoja na watu."

Jumamosi, 26 Mei

Mvua ilikatika saa tatu asubuhi. Watu walijaa hadi nje: wazee wa mji, wenye maduka, walimu, askari wapya na askari wa zamani wanne waliobaki. Bi Kazija alikuja na buibui jipya, akasimama nyuma karibu na ukuta. Saajini Mwinyijuma alivaa sare yake ya zamani, vifungo vinang'aa, na kofia ya shaba. Alisimama kando ya kibao kilichofunikwa kitambaa, kifua mbele. Alikuwa mzuri kumtazama. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Mkubwa wa mji alisema machache, akavuta kitambaa. Hiki ndicho nilichoandika:

GHALA LA MKONGE, 9 AGOSTI 1941. ASKARI SHEHE HATIBU WA TONGONI ALIINGIA NA MPIRA WA PILI, ALIWAENDEA MAKULI WAWILI. SAAJINI MWINYIJUMA ALIFUNGA KOKI AKAKIMBIA. BI KAZIJA ALIJARIBU KUIFUNGUA KWA MKONO WAKE. SHEHE ALIKUTWA NA MDOMO HUU MKONONI. HAKUTOROKA.

Chini yake, juu ya rafu, ulikuwa mdomo wa shaba, na daftari la stoo limefunguliwa kwenye ukurasa ule.

Kwanza walisoma wa mbele. Kisha wakawanong'oneza wa nyuma. Kisha pakawa kimya, nikasikia maji yakidondoka kutoka paani.

Saajini alikuwa bado anatabasamu. Akageuza kichwa huku na huku.

"Mbona hawapigi makofi? Fundi, uko wapi? Nisomee."

Nikajongea hadi ubavuni kwake. Nikamsomea kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama ninavyochora herufi. Nilipofika "akakimbia" alishika ukingo wa rafu. Nilipomaliza nikaongeza ambalo halikuandikwa: "Mimi ni Uweso Hatibu. Shehe ni kaka yangu."

Mkubwa wa mji alianza kusema kuna kosa, kibao kishushwe. Huenda kingeshushwa, na yangeishia hapo, kama mzee angenyamaza. Lakini alipandwa na ghadhabu.

"Mpira ulikuwa umepasuka!" akafoka. "Maji yalikuwa yanamwagika bure barabarani! Mngefanya nini nyinyi? Nilifunga ili..."

Akajisikia mwenyewe. Akakoma.

Katika wale askari wa zamani mmoja ni Asheri, aliyempigia saluti siku zote hizi. Akasema taratibu, "Afande, ulituapia koki haikuwa mikononi mwako. Mimi nilimtemea mate mama yake yule kijana kwa neno lako."

Bi Kazija aliinua tu kiganja chake juu, na watu waliokuwa karibu wakatazama.

Saajini akavua kofia. Akataka kutoka. Watu walimpisha, lakini walimpisha mno, pakawa patupu, hana wa kumshika wala cha kushika. Akapapasa ukuta, akaenda upande wa pampu, akagonga gurudumu kwa goti, akarudi. Mlango ulikuwa kulia kwake, hatua nne. Nilijua. Ningeweza kusema "kulia". Nilimtazama akipapasa, na sikusema, na ilikuwa tamu kooni kama maji ya magharibi baada ya saumu.

Mwishowe Mwalimu Ruthi akamshika mkono akamtoa.

Jumatatu, 28 Mei

Nimeitwa nikaambiwa sitaandika tena kibao chochote cha mji. Vizuri. Kibao kile hawajakishusha. Askari wanne wa zamani wamekwenda kwa mkubwa wakasema kikishushwa na wao watachukua kofia zao.

Ijumaa, 1 Juni

Baada ya sala ya Ijumaa watu wawili wa Tongoni walinishika mkono wakaniomba radhi kwa waliyomtendea mama. Niliipokea. Sikusema haidhuru, kwa kuwa ilidhuru.

Jumamosi, 9 Juni

Wanasema Mwinyijuma hasalimiwi. Anakaa barazani kwake, wapitao wananyamaza wanapomfikia ili asijue ni nani. Nimepita leo mara mbili. Kila mara nilimwamkia kwa sauti kubwa, "Shikamoo, Saajini, ni mimi Uweso Hatibu," ili ajue niliyempita ni nani. Mara ya kwanza aliitikia.

Mboni anasema basi. Mimi sijafika basi.

Jumatano, 13 Juni

Amekuja kwangu. Alishikwa mkono na mjukuu wake wa kike hadi kizingitini. Mboni akamkaribisha, mimi sikunyanyuka.

"Nataka unipeleke kaburini kwake," akasema.

"Kufanya nini?"

"Sijui. Niliogopa, Uweso. Paa lilipolia niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na miguu ilikwenda yenyewe. Niliporudi yamekwisha, watu wananiuliza nani alikuwa kwenye koki. Lile neno, mtoro, lilikuwa langu. Nikampa yeye, kwa kuwa hawezi kunirudishia."

Nilimwambia akatafute mwingine wa kumpeleka. Akasema hakuna mwingine. Ni kweli, hakuna.

Jumapili, 17 Juni

Nimempeleka Tongoni. Njia imekauka, nyasi za makaburini zimefika kiunoni. Njia nzima alinifuata kwa fimbo. Kaburi la Shehe liko pembeni, mbali kidogo na mengine, palepale tulipomzika sisi watu saba. Nilimshika mkono kwa mara ya kwanza nikauweka juu ya jiwe la kichwani, ili ajue ni wapi.

Akapiga magoti. Alisoma Fatiha, sauti ikamkatika katikati, akaanza upya. Kisha akageuza uso kuelekea nilipo.

"Niache peke yangu naye kidogo, mwanangu. Nina neno la kumwambia."

"Hapana," nikamwambia. "Mliwahi kuachwa wawili, wewe na yeye, usiku wa moto. Mara moja inatosha. Sema, nasikia."

Nikakaa chini upande wa pili wa kaburi, nikamngoja aseme.